Jina la Siku ya Saba

Mtoto alikuwa na siku nne, na katika nyumba ile ya Cité Albert, mtaa wa Waafrika, hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kumwita kwa jina. Mama yake alimwita "weye". Bibi yake mzaa mama alimwita "ile kintu". Baba yake, Feruzi fundi cherehani, hakumwita kabisa. Akitaka kumtaja alinyoosha kidevu upande wa kitanda, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni.

Feruzi alikuwa mtu wa utaratibu. Miaka sita nyuma, mwaka aliooa, alikwenda kwa Mwalimu Songoro, aliyesomesha Kurani katika kibanda cha mabati ambacho Waislamu wa Elisabethville walikiita msikiti na watu wengine walikiita stoo. Akamwuliza ni majina gani yanafaa kwa mtoto. Mwalimu akaeleza, Feruzi akaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Jina liwe na maana njema. Mtoto asiitwe mtumwa wa kitu chochote isipokuwa Mungu. Asipewe jina la kujikweza, kama mfalme wa wafalme, wala jina litakalomwaibisha akiwa mkubwa. Majina ya mitume ni mazuri, na ya watu wema pia. Siku ya saba anyolewe nywele, achinjiwe, apewe jina. Hilo la siku ya saba Feruzi alilipigia mistari miwili kwa penseli nyekundu, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na hesabu ndani yake, na fundi cherehani huamini kitu chenye hesabu.

Tangu hapo walizaliwa watoto watatu. Wa kwanza, msichana, aliishi siku mbili. Wa pili aliishi siku tano. Wa tatu, mvulana mnene mwenye uso wa mtu aliyeamshwa mapema, alifika siku ya sita. Wote walizikwa bila jina, kwa maana siku ya saba ilikuwa haijafika. Nyumbani waliitwa wa kwanza, wa pili na wa tatu ilipobidi kuwataja, na watu walijitahidi isibidi.

"Mupatie jina leo," Chileshe alimwambia mumewe. Alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani.

"Bado siku tatu."

"Niko najua kuhesabu. Juu ya nini haiko leo?"

"Juu dini inasema siku ya saba."

"Na akikufa kesho?"

Feruzi akaangalia viatu vyake. "Usiseme vile mbele ya mutoto."

"Mutoto gani? Mutoto ya bila jina, utamusemea nini?"

Huko uani alikuwepo Mama Kunda, mama yake Chileshe, aliyekuja kutoka Kasenga na mfuko wa samaki wakavu ili amsaidie binti yake. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana mpaka ifanywe sherehe ya kuwafungua midomo. Kila mwaka Feruzi alisema ataifanya. Basi Mama Kunda akiwa na neno alikiambia chungu.

"Weye chungu," akasema, na sauti yake ikapita mlangoni bila shida, "ambia ule bwana. Kwetu, mama akizika batoto batatu, wa ine habamupatiake jina ya sifa. Banamuweka pa jalala, muntu mwingine anamuokota, anamupatia jina ya mubaya. Malilo. Maana yake kilio. Kifo inapita, inasikia ile jina, inasema: hii haina faida. Inaenda."

Feruzi naye akakijibu chungu, maana adabu ni adabu. "Weye chungu, ambia mama: dini yetu inakataza jina ya mubaya. Huyu atakuwa mukubwa, atakuwa na kazi. Siku moja batamuita pa bureau ya serikali mbele ya bantu: Kilio! Atasimama? Na kusema jina njo inafukuza kifo, ile ni kuweka jina pa fasi ya Mungu."

Chungu hakikusema kitu, kilikuwa na maharage. Feruzi akaona ameshinda, kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akaenda zake kazini.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye baraza ya duka la Mgiriki, anashona magauni meupe. Watoto wa Kikatoliki walikuwa wapokee komunyo Jumapili, na Feruzi, Mwislamu wa kuhesabiwa, ndiye fundi aliyejua kupanga marinda yake. Honorine, jirani yao wa mlango wa tatu, akatokea kwenye kona anakimbia. Honorine hakuwa mtu wa kukimbia.

"Fundi! Banabeba mutoto!"

"Nani anabeba?"

"Ijeni!"

Kilichotokea kilikuwa hivi. Saa moja asubuhi, mume alipokwisha kwenda, Mama Kunda na Chileshe walimlaza mtoto kwenye ungo, wakamfunika kitenge, wakampeleka kwenye jalala mwisho wa avenue. Walimweka juu ya majivu makavu, mahali safi kwa kadiri jalala linavyoweza kuwa na mahali safi. Desturi inataka mama aondoke asigeuke nyuma, na Chileshe hakugeuka. Wakaenda kusimama nyuma ya choo cha watu. Honorine ndiye aliyepangwa kuokota. Angepita kama mpita njia, angeshangaa, angepiga kelele kidogo, angemleta mtoto nyumbani, na mama "angemnunua" kwa kuku. Lakini Honorine alikuwa kwenye foleni ya robine, bomba la maji la mtaa, na mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa na ndoo nne.

Aliyefika kwanza akawa Edouard wa ijeni, idara ya afya, mwenye kofia ngumu nyeupe na baiskeli ya serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mitungi ya maji na majalala ya Cité. Katika miaka saba Edouard alikuwa ameripoti panya, mbwa waliokufa na matairi yenye viluwiluwi vya mbu. Mtoto hakuwa na safu yake kwenye fomu. Edouard aliita mara mbili, hakuna aliyejibu, maana mama akijitokeza mwenyewe desturi imevunjika, akaufunga ungo kwenye keria kwa mpira, akaikokota baiskeli polepole mpaka kwenye nyumba ya wazazi ya masista.

"Na weye ulikuwa wapi?" Feruzi akamwuliza Honorine.

"Pa robine, fundi. Ningeacha ndoo?"

Feruzi aliogopa. Hakumkasirikia mkewe wala mama mkwe wakati ule, hasira ilikuja baadaye na haikukaa. Alikimbia, na alipofika kwenye reli ndipo akagundua kwamba ameweka begani gauni la komunyo la binti wa mtu, na sindano bado inaning'inia.

Alipoingia kwa masista, Mama Kunda na Chileshe walikuwa tayari kwenye benchi, pamoja na wanawake wengine waliokuja kupimisha watoto. Edouard alisimama kando, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri ashukuriwe. Mezani alikaa Sista Germaine na daftari kubwa.

"Ah, fundi ya mapazia," Sista akasema. Feruzi alikuwa amemshonea mapazia ya wodi mwaka uliopita, na yalitoka mafupi. "Mutoto pia ni yako?"

"Ni yangu, ma sœur."

"Walimuokota mu takataka. Alikuwa baridi, niliogopa atakufa, nikamubatiza. Niliandika Moïse." Akageuza ukurasa. "Huyu mama anasema ni mutoto yake. Bon, ninaona maziwa kwa nguo yake, ninaamini. Lakini siwezi kutoa mutoto kama mukate. Mutoto anaitwa nani?"

"Malilo," Mama Kunda akaiambia benchi.

Sista alikuwa na miaka ishirini Katanga. "Hapana. Kilio sitaandika. Baba?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa Feruzi, kwenye shati, upande wa moyo. Nyuma yake aliandika majina kumi na moja, yote halali, yote ya maana njema, na la kwanza lilikuwa Abdulrahim, aliloliweka akiba tangu mimba ya wa tatu. Kazi iliyobaki ilikuwa kufungua mdomo. Akaufungua.

"Jina bado, ma sœur. Jina ni siku ya saba. Leo njo ya tano."

"Mutoto ana siku tano, hana jina?"

"Bado."

"Mbwa ya misheni alizaa juzi," Sista akasema, bila ubaya, kama mtu anayetoa taarifa. "Batoto yake yote wako na jina."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akacheka, akajifanya anakohoa. Edouard akaikagua kofia yake ndani.

"Kwenda, leta muntu ya heshima asimame shahidi," Sista akaendelea. "Na leta jina. Mama atabaki kumunyonyesha. Bila jina mutoto haitoke."

Chileshe alikuwa akiutazama mlango wa wodi, ambako mtoto alikuwa anasikika, halafu akamtazama mumewe.

"Feruzi. Sema tu."

"Ni siku mbili tu zimebaki, Chileshe. Tuvunje sheria juu ya siku mbili?"

"Sema tu. Yote ile utasema. Hata ya mubaya."

Feruzi akainama, akatoka. Kuna watu watakaomtetea, kwamba alikuwa mcha Mungu. Mimi simo. Mtoto analia upande wa pili wa mlango, jina liko mfukoni, na mtu anatoka nje na gauni la komunyo begani.

Mwalimu Songoro alikuwa amekaa mbele ya msikiti wake anatengeneza mwavuli, kazi iliyomlisha, maana Kurani aliifundisha bure. Alikuwa mzee wa Kasongo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Feruzi mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye vijiti vya mwavuli. Feruzi alipofika kwenye habari ya ungo na baiskeli, mabega ya mzee yalitikisika kidogo.

"Nani alikuambia siku ya saba ni kufuli?" akauliza.

"Weye, mwalimu." Feruzi akampa karatasi.

Mwalimu akaisogeza karibu na miwani, akasoma, akageuza, akasoma majina kumi na moja. "Mwandiko wako mzuri. Hii mistari myekundu ni ya nani?"

"Yangu."

"Nilikuambia siku ya saba ni sunna, ni uzuri. Sikusema kabla yake ni haramu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipata mtoto wa kiume, akawaambia watu: usiku huu nimepata mtoto, nimempa jina la baba yangu Ibrahimu. Usiku uleule, Feruzi. Sikukuambia hiyo?"

"Hukuniambia."

Mwalimu akafikiri. "Basi sikukuambia. Hukuuliza, lakini kosa ni langu."

Upepo wa upande wa bomba la kiwanda ulikuwa umeleta moshi, na wote wawili walikohoa. Feruzi alikaa chini vumbini, mtu ambaye siku zote hukunjua leso kwanza.

"Na bale batatu?" akauliza.

"Watatu gani?"

"Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikufa mbele ya siku ya saba. Sikubapatia kitu."

Mwalimu akauweka mwavuli chini. Alikuwa amewasalia wawili kati ya hao yeye mwenyewe, na siku zile alidhani baba amewapa jina akalinyamazia kwa uchungu. "Hata mimba iliyotoka, wako wanazuoni wanaosema ipewe jina. Hao wako walilia, walinyonya. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Nilikuwa na karatasi," Feruzi akasema.

Kisha akalia. Alilia kwa aibu, kwa sauti ndogo, akijifuta kwa kitu cha kwanza alichokishika, na Mwalimu akalichukua lile gauni taratibu mkononi mwake, akampa leso.

"Wape," Mwalimu akasema. "Hakuna aliyekukataza jana, hakuna anayekukataza leo. Lakini kwanza yule aliye hai. Huyo Moïse wa sista ni Musa, jina la nabii, halina ubaya. Maji aliyommwagia yamekwisha kukauka. Ila haki ya kuchagua ni yenu nyinyi wazazi. Mama yake anapenda jina gani?"

Feruzi akaanza kuikunja leso.

"Hujamwuliza? Miaka yote? Ulipooa ulinitaka nimbadilishe jina awe Zaina. Nikakuambia Chileshe halina ubaya, liache. Ukamwita Zaina miezi miwili na hakuitika. Hukujifunza kitu?"

"Nilizania hasikii vizuri."

Mwalimu akaingia ndani kuvaa kanzu safi.

Walimkuta Chileshe kwenye kiti ndani ya wodi, anamnyonyesha mtoto chini ya mapazia mafupi. Sista Germaine akaja na daftari lake, Mama Kunda akaja na benchi yake, au karibu hivyo, maana aliikokota mpaka mlangoni. Edouard alikuwa bado yupo. Zamu yake ilikwisha saa nyingi, lakini alitaka kujua mwisho.

Feruzi akasimama mbele ya mkewe. "Chileshe. Weye unapenda tumuite nani?"

"Miye?"

"Weye."

Chileshe akamtazama kama anatafuta mtego ulipo. Alipoukosa, akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi. "Ninataka jina ya muntu alizeeka. Haiko ya kilio, haiko ya mufalme. Muntu alizaliwa, alikula, alioa, meno ikatoka yote, akakufa pa kitanda yake. Nkambo yangu Mwansa."

Kalamu ya Sista ilikuwa hewani. Wote wakamgeukia Mwalimu.

"Mwansa lina ubaya wowote kwenu?" Mwalimu akauliza. "Ni jina la mzimu, au la kitu mnachoabudu?"

"Weye benchi," akasema Mama Kunda, "ambia mwalimu: haina mubaya. Ni jina ya bantu. Alikuwa baba ya bwana yangu."

"Alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa mukali," Chileshe akasema. "Lakini hakuibia muntu."

"Basi linafaa. Jina si lazima litoke Arabuni. Litoke linakotoka, lisiwe na ubaya." Akamgeukia Feruzi. "Baba anasemaje?"

Feruzi aliona Abdulrahim lake linarudi mfukoni, kama fundi aliyekata kitambaa kizuri na mteja asirudi. "Andika Mwansa, ma sœur. Mwansa, mutoto ya Feruzi."

Sista akaandika cheti. Daftarini hakufuta kitu. "Kwangu anabaki Moïse," akasema. "Maji ilishamwangika."

"Na kwetu Mwansa," Mwalimu akasema, na wakaagana kwa heshima, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amekosea.

Lilibaki neno la Mama Kunda. Aliyeokota lazima alipwe, akaiambia benchi, au mtoto hajarudi kwa mama yake. Akafungua mfuko wake, akatoa samaki watatu wakavu, akamsukumia Edouard. Edouard akasema yeye ni wa service ya serikali na hapokei kitu. Feruzi naye akaanza kusema kwamba mambo ya jalala ni ushirikina.

"Mtu amemwokota mwanao," Mwalimu akamkata. "Mpe samaki, mshukuru. Ukisema samaki ndiye aliyemlinda mtoto, hapo tutagombana."

Edouard akapokea samaki wawili. Wa tatu alisema ni wengi mno kwa mtumishi wa serikali.

Siku ya saba ikafika. Adhuhuri mbuzi alichinjwa, mmoja, maana wa pili hakupatikana, na Mwalimu akasema mmoja anatosha kwa asiyeweza wawili. Majirani wakajaa uani. Honorine alifika kabla ya wote na akakataa kutumwa maji. Mwalimu akamnyoa mtoto, akamwadhinia, akatangaza kwamba huyu ni Mwansa bin Feruzi, Mungu amkuze. Watu wakasema amina, wakaanza kuangalia sufuria ya wali.

"Sijamaliza," Feruzi akasema.

Akatoa karatasi. Ilishaanza kuchanika kwenye mikunjo, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa maneno mengi siku nyingine zote, siku ile alisoma tu.

"Tulizaa batoto bane. Wa kwanza alikuwa mwanamuke. Anaitwa Safia. Wa pili anaitwa Idrisa. Wa tatu anaitwa Abdulrahim. Bote batoto ya Feruzi na Chileshe." Akakunja karatasi. "Nilichelewa."

Mwalimu akasema amina, watu wakafuata, wengine wakiwa wamevua kofia. Mama Kunda alijifunika uso kwa kitenge. Feruzi akabaki amesimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi, mpaka Chileshe akamwita kutoka kwenye mkeka.

"Kuya hapa. Wa pili ulisema nani?"

"Idrisa."

"Ule wa mvua."

"Njo ule. Mvua ilinyesha siku tatu."

"Na munene?"

"Abdulrahim."

"Abdulrahim," Chileshe akasema, polepole, mara mbili, maana lilikuwa refu na hakutaka kulikosea. Akauliza tena la msichana, akaambiwa tena. Wageni walikuwa wamekwisha kunawa mikono, na mtu mmoja alikuwa anauliza vijiko viko wapi.

Kisha Chileshe akawaita wote wanne, mkubwa hadi mdogo, kwa sauti ile ile mama anayoitumia chakula kikiwa tayari na watoto wako nje wanacheza. Safia. Idrisa. Abdulrahim. Mwansa. Mdogo ndiye aliyeitika, kwa kulia, na Chileshe akamweka kifuani.